Mawe Katika Njia ya Rwentare

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya daraja lililovunjika, kichwa kimewekwa juu ya koti lililokunjwa. Pikipiki ilikuwa imeanguka karibu yake, gurudumu la mbele limepinda, kioo kimoja kikiakisi jua la asubuhi.

Inspekta Muzafaru Kato alishuka polepole akishika mizizi ya ukingoni. Alikuwa mtu mzito wa miaka hamsini, na magoti yake hayakupenda miteremko.

"Nani amemgusa?" aliuliza.

"Hakuna mtu, afande," alijibu Konstebo Zakiah, aliyekuwa amefika kabla yake. "Wanawake waliokuja kuteka maji walimwona kutoka pale juu. Wakakimbia kumwita mwenyekiti. Hakuna aliyeshuka."

"Kuna aliyeshuka."

Muzafaru alionyesha kwa kalamu. Paja la kulia la marehemu lilikuwa limevunjika, na juu ya jeraha palifungwa kitambaa, kimekazwa vizuri kwa kijiti. Mtu aliyeanguka kutoka darajani na kuvunjika paja hakunji koti lake na kujiwekea mto.

"Basi alisaidiwa," alisema Zakiah.

"Alisaidiwa, halafu akaachwa."

Mfukoni walikuta kitambulisho cha mkimbizi. Barnabé Semahoro, Mkongomani, miaka thelathini na minane, makazi ya Nakivale, kanda ya Juru. Nyuma ya pikipiki zilining'inia kamba za mpira zilizokatwa kwa kisu. Mzigo wowote uliokuwa umefungwa pale haukuwepo.

"Wizi," alisema Zakiah.

Muzafaru aliinua macho kulitazama daraja. Nusu yake ilikuwa imezama mtoni, nusu imebaki hewani na kipande cha lami kikiwa bado juu yake.

Zamani kila gari lililotoka Isingiro kwenda Mbarara lilipita hapa. Mabasi yalisimama Rwentare, abiria wakashuka kula, madereva wakaziba pancha. Kisha barabara mpya ikanyooshwa upande wa pili wa kilima, na Rwentare ikabaki na lami yake. Nyasi zikaota katikati. Lojingi za kulala wageni zikafungwa, kituo cha mafuta kikang'olewa pampu, vijana wakafuata magari kule yalikohamia. Mvua zilipobomoa daraja, hakuna aliyekuja kulijenga. Waliletwa mafundi na lori la mawe makubwa, wakayapanga njia panda kuziba njia ya zamani, wakaenda zao.

"Mawe bado yapo?" Muzafaru aliuliza.

"Yapo, afande. Nimeyaona nikija. Tumeacha gari pale, tukatembea."

"Basi pikipiki hii ilipita wapi?"

Walirudi njia panda kwa miguu. Mawe yalikuwa yamejipanga kutoka mtaro hadi mtaro, yakifika kiunoni. Mwenye baiskeli angeweza kuibeba begani na kupita kwa shida. Pikipiki yenye mzigo, hapana. Kando yake kibao cha zamani kilikuwa bado kimesimama, kimeliwa na kutu, kikisema Mbarara kwa mshale.

Muzafaru alichuchumaa. Jana alasiri mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na matope yalikuwa yameanza kukauka. Alama ya tairi ilitoka barabara mpya, ikaja katikati ya njia, ikaingia chini ya jiwe, ikatokea upande wa pili.

"Zakiah, unaona nini?"

Konstebo aliinama. Aliifuata alama kwa kidole.

"Jiwe liko juu ya alama."

"Na pale?"

Pembeni palikuwa na kipara cha udongo mweupe usio na jani hata moja, kipana kama beseni. Hapo ndipo jiwe lilipokuwa limekaa miaka yote. Sasa lilikuwa limelalia nyasi mbichi.

"Jana njia hii ilifunguliwa," alisema Muzafaru. "Mtu akapita, akaanguka. Halafu mtu mwingine akaifunga tena. Piga picha kila jiwe."

* * *

Orpa, mke wa marehemu, alikuwa anapepeta maharage mbele ya nyumba yake ya udongo kule Juru. Alipoona gari la polisi likisimama aliweka ungo chini, akafuta mikono kwa kitenge. Muzafaru alimpa habari ya kifo akiwa amesimama, maana hakuwa amejifunza njia nyingine.

Wanawake wa jirani walianza kulia kabla yake. Yeye alikaa chini palepale, kati ya maganda.

"Alikuwa anaenda wapi, mama?"

"Ruti, kule Mbarara. Kuna mucuruzi mumoja kule ananunuaka maharage. Siku zote alikuwa anapandaka pikapu na benzake. Ile pikipiki aliipata juzi tu. Ilikuwa mara ya kwanza aende peke yake na yake."

"Kwa hiyo njia hakuijua vizuri."

"Atajuaje? Kwa pikapu banakaa nyuma na migunia, hawaonake fasi banapita."

"Alibeba nini?"

"Mugunia mumoja wa maharage."

"Kuna mtu aliyekosana naye?"

Jirani mmoja akamjibia. Kulikuwa na mfugaji wa Endiinzi, jina lake Rwakabuba, ambaye ng'ombe wake waliingia shamba la Barnabé wakala maharage yaliyokuwa yanatoa maua. Walisukumana. Rwakabuba alisema mbele ya watu kwamba watakutana njiani.

"Ni kweli?" Muzafaru alimwuliza Orpa.

"Banaume banasemaka mingi." Kisha akainua uso. "Afande, ile dosiye yetu, makaratasi ya kwenda Canada, jina yake ndiyo iko mbele. Tulishafanya entretien mbili, banatuuliza maswali. Sasa itakuwa aje?"

Muzafaru alisema hajui. Ilikuwa kweli, na pia ilikuwa njia ya kuondoka.

* * *

Gunia lilipatikana siku hiyohiyo, ndani ya kibanda cha maziwa cha Rwakabuba kule Endiinzi. Kamba za mpira zilizokatwa zililingana na kipande kilichobaki shingoni mwa gunia.

Mkuu wa kituo alifurahi. "Kesi imekwisha," alisema. "Mwandikie mauaji."

Rwakabuba aliketi mbele ya meza ya Muzafaru akiwa ameshika kofia yake magotini. Alikuwa mrefu, mkavu, na buti zake za mpira zilinuka zizi.

"Gunia ulilitoa wapi?"

"Kwa daraja, sebo, afande."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua likitoka. Napeleka ng'ombe kunywa."

"Barnabé alikuwa hai?"

"Amekufa. Baridi kabisa. Nimeshika mukono."

"Ukaona maiti, ukakata kamba, ukabeba maharage."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukupiga simu polisi?"

Rwakabuba aliizungusha kofia. "Nilimwambia tutaonana njiani. Watu wote walisikia. Sasa namukuta njiani, amekufa. Wewe ungepiga simu?"

"Lakini gunia ulichukua."

"Nilifikiri, ng'ombe wangu walikula maharage yake, watu wakasema mimi mubaya. Sasa yeye hali tena. Mvua itaozesha bure." Akaitazama kofia. "Haikuwa fikira nzuri, sebo."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Kwa dipu. Tulikuwa tunaogesha ng'ombe, watu wengi. Uliza dokta wa mifugo."

Zakiah aliuliza. Daktari wa mifugo alithibitisha. Rwakabuba alikuwa dipuni mpaka giza lilipoingia.

Muzafaru alimfungulia shitaka la wizi na kumrudisha mahabusu. Mkuu wa kituo hakufurahi tena.

Kesho yake daktari wa maiti pale Mbarara aliinua shuka.

"Kichwa ni kizima," alisema. "Mbavu nzima. Hakuna alama ya kupigwa. Kilichomuua ni damu. Mfupa ulikata mshipa, na damu ikavuja polepole kwa sababu ya hiki kitambaa. Aliyekifunga alijua anachofanya."

"Aliishi muda gani?"

"Saa moja. Pengine mbili. Mtu wa namna hii akiletwa hapa, mara nyingi tunamwokoa."

"Kutoka Rwentare ni mwendo mfupi."

"Ndiyo maana nimekuambia."

Alimpa Muzafaru kitambaa ndani ya mfuko wa ushahidi. Kilikuwa kipande kilichochanwa kutoka nguo kubwa zaidi. Chini ya damu iliyokauka palikuwa na maua madogo ya manjano, na kwenye pindo uzi mwekundu uliodariziwa kwa mkono.

* * *

Rwentare palikuwa na mlango mmoja tu uliobaki wazi kwa wageni. Juu yake rangi ya zamani ilisema Hoteli, neno lililofuata limefutika. Hajati Fatumah, mwenye hoteli hiyo, alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, ushungi wake safi kuliko kitu chochote kingine barabarani pale.

"Karibu, mwanangu. Chai iko. Chapati nitapika sasa hivi."

"Chai inatosha, mama."

Muzafaru na Zakiah waliketi. Kwenye veranda ya nyuma, mlango ukiwa wazi, mzee mmoja alilala kwenye godoro lililowekwa juu ya kitanda cha kamba. Macho yake yalikuwa meupe. Midomo ilikuwa imekauka.

"Ni mzee wangu, Mahadi," alisema Fatumah. "Alikuwa fundi wa magari hapa. Anaumwa. Stroki, kiharusi."

Ukutani, karibu na kitanda, vifaa vyake vilikuwa vimepangwa kama siku aliyoviacha: spana, jeki, pampu ya mguu, na mtaimbo mrefu. Ncha ya mtaimbo ilikuwa na matope mapya.

Meza zote za hoteli zilikuwa na vitambaa vyeupe vyenye maua madogo ya manjano, pindo zimedariziwa uzi mwekundu. Meza ya karibu na mlango tu ilikuwa tupu.

Muzafaru alikunywa chai mpaka nusu. Kisha akatoa mfuko wa ushahidi na kuuweka juu ya ile meza tupu.

Fatumah alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini taratibu, akafuta mikono.

"Kaa, mama."

"Nitasimama."

"Unajua hiki ni nini?"

"Nimekishona mimi."

"Una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa, na litatumika mahakamani."

"Andikeni," alisema. "Nimechoka kuwa nacho peke yangu."

Zakiah alitoa karatasi.

"Nani aliondoa mawe njia panda?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na mtaimbo. Ukilichokonoa chini, jiwe linajiviringisha lenyewe. Mahadi alinifundisha zamani, gari likikwama."

"Mara ya kwanza?"

"Hapana. Siku za soko. Naondoa asubuhi, jioni narudisha."

"Kwa nini? Ulitaka wateja?"

Fatumah alicheka kidogo bila furaha. "Wateja. Mwanangu, nani atafungua njia nzima kwa sababu ya chai?"

Aligeuka kuelekea veranda.

"Huyu hakupata stroki kwanza. Kwanza alinyamaza. Barabara ilipohamishwa, alikuwa anakaa pale nje na spana mkononi, anangoja. Mwaka wa kwanza aliongea. Mwaka wa pili akaanza kunijibu kwa kichwa. Ikaja stroki, ikachukua macho. Akawa hasemi kabisa. Nilimpeleka kwa madaktari, nilimpeleka kwa shehe. Hasemi. Namlisha kama mtoto, hajui kama ni mimi au mtu mwingine."

"Endelea."

"Siku moja lori likapotea njia. Lilikuja mpaka hapa mlangoni. Nilikuwa jikoni. Nikasikia mtu anasema, 'Hiyo ni Fuso, na gia yake ya pili ni mbovu.' Nilifikiri ni dereva. Kumbe ni yeye. Amekaa kitandani, amekaa mwenyewe. Akaniambia, 'Fatumah, dereva amekula?' Aliniita jina. Miaka mingapi sikusikia jina langu kwa mdomo wake. Lori likageuza, likaenda. Akalala tena, akanyamaza."

Zakiah aliacha kuandika. Muzafaru akamwashiria aendelee.

"Nikaondoa mawe," alisema Fatumah. "Kibao bado kiko pale, kinasema Mbarara. Watu wanaofuata kibao wanaingia. Mimi nakaa mlangoni, nawasimamisha, nawaambia daraja limevunjika, kunyweni chai mgeuze. Wanakasirika, wanatukana, wanageuza. Lakini yeye anasikia injini. Siku hiyo anaongea. Maneno mawili, matatu. Mimi yananitosha wiki nzima."

"Na juzi?"

"Juzi mvua ilinyesha kubwa. Mahadi alikuwa amejichafua, nikaenda kumbadilisha. Nikasikia pikipiki. Nikamwacha, nikatoka mbio, lakini imeshapita mlango. Nikaita. Mvua juu ya mabati, utaita nani? Nikasikia breki. Halafu nikasikia maji."

"Ukashuka?"

"Nilishuka. Nilikuwa nimevuta kitambaa mezani nikikimbia, sijui kwa nini, mkono ulivuta tu. Nikamfunga mguu. Nikakunja koti lake nikamwekea. Alikuwa anaongea. Mkongomani, Kiswahili kizuri. Aliniuliza, 'Mama, mbona njia ilikuwa wazi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia, 'Ngoja, nakuja sasa hivi.'"

"Ulikuwa na simu?"

"Ilikuwa mfukoni mwangu."

"Ilikuwa na hewa, salio la kupiga?"

"Ilikuwa nayo."

Muzafaru alingoja. Nje palikuwa kimya kabisa.

"Nilienda njia panda," alisema Fatumah. "Niliwaza, nikiita watu, polisi watakuja, watauliza kama yeye alivyouliza. Watanichukua. Mahadi nani atampa maji? Sina mtoto. Jirani hakuna. Nikasema nirudishe mawe kwanza, halafu niite. Kazi ya muda mdogo. Siku zote ni kazi ya muda mdogo. Lakini juzi udongo umelowa, mtaimbo unazama, jiwe halisogei. Nasukuma, linarudi. Nasikia yuko anaita. Mpaka njia panda nilikuwa namsikia. 'Mama, eh mama.' Nikasema, nakuja, moja bado. Halafu moja bado."

"Na ulipomaliza?"

"Nilipomaliza alikuwa haiti tena."

Alivua ushungi, akaukunja, akauvaa upya.

"Nilishuka tena. Nikamfumba macho. Nikarudi kumbadilisha Mahadi, alikuwa bado kwenye uchafu ule ule."

"Ungepiga simu kwanza, angepona," alisema Muzafaru. Hakujua kwa nini alisema. Hakukuwa na swali ndani yake.

"Najua. Usinifikirie sijui."

"Mzee alisema kitu siku hiyo?"

Fatumah aligeukia veranda.

"Alisema, 'Huyo hakusimama.' Basi. Tangu hapo hajasema."

Walimwacha amwogeshe mumewe, amlishe uji na kumbadilishia shuka. Zakiah alimsaidia kumgeuza. Mwenyekiti wa kijiji aliitwa, akasimama mlangoni akikuna shingo. Alisema ataona atakavyofanya, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anahamia Mbarara mwisho wa mwezi. Fatumah alimwonyesha sufuria ya uji, vidonge na kanga safi. Kisha akanyoosha mikono apigwe pingu. Muzafaru hakuzitoa.

Fatumah alishitakiwa kuua bila kukusudia. Mzee Mahadi alipelekwa hospitali, akalazwa wodi iliyotazama barabara kuu, ambako magari yalipita usiku na mchana. Wauguzi walisema hakuwahi kutamka neno. Alikufa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na Fatumah aliambiwa na askari magereza aliyekuwa akigawa chakula.

* * *

Muzafaru alirudi Juru kumweleza Orpa. Hakulazimika. Angeweza kutuma konstebo.

Orpa alimpa kigoda. Alisikiliza yote bila kumkatiza, mikono imelala juu ya kitenge. Alipofika kwenye mawe, Muzafaru alitaka kufupisha, lakini mwanamke akasema, "Sema yote, afande."

Akasema yote.

"Dosiye imekuwaje?" Muzafaru aliuliza baadaye, ili asikae kimya.

"Banasema tuanze upya. Muwanaume akikufa, famille inabadilika, banafungua ingine. Miaka sita, saba. Hawajui."

"Pole, mama."

"Ile mama alimwambia nini? Rudia."

"Alimwambia, 'Ngoja, nakuja sasa hivi.'"

Orpa aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayesikia habari ya kwao.

"Basi alingoja," alisema. "Barnabé alijua kungoja. Hapa hakuna kitu ingine tulijifunza."

Akachukua ungo. Maharage yaliyobaki yalikuwa machache, na mengine yalikuwa yameanza kutobolewa na wadudu. Akaanza kuyachambua, mabovu upande huu, mazima upande ule. Muzafaru aliaga. Orpa aliendelea kuchambua.